Kiganja Mbele ya Kamera

Wifi yangu ana macho ya shari. Siku niliyopelekwa kutambulishwa kwao, kabla hata hajaitikia salamu yangu, aliniambia kwamba uzi wa pindo la gauni langu umefumuka upande wa nyuma. Gauni lile nilikwisha kulivaa mara tatu na sikuwa nimeona kitu. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake wa mwisho, alicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua papo hapo kwamba maisha yangu yote nitakuwa naosha vyombo mara mbili.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nyumbani kwetu, tunakoishi naye, glasi haitiwi maji kabla yeye hajaiinua dirishani na kuizungusha. Mchele nikishauchambua mimi, yeye anauchambua tena, na chembe ya jiwe akiipata hasemi. Anaiweka tu mezani mbele yangu, peke yake, kama shahidi mahakamani. Hajawahi kunitukana hata siku moja. Heri angenitukana, ningepata pa kuanzia.

Kiwandani wanamwita Darubini. Kiwanda chetu kinatengeneza chupa ndogo za kahawia, zile za dawa ya maji ya watoto, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: kukaa mbele ya sanduku la taa, chupa zikipita, azizungushe vidoleni na kuziangalia mdomo, shingo na tumbo. Chupa moja kwa sekunde moja. Yenye ufa au mdomo uliomeguka aliitupa kushoto bila kugeuza kichwa. Mimi nilikuwa upande wa pili nikizipanga kwenye kreti, na katika miaka yangu saba pale sikuwahi kusikia kwamba chupa mbovu imerudishwa na mteja.

Miaka mitatu iliyopita ikaja kamera. Ilifungwa juu ya mkanda, ndani ya kibanda cha bati, na pembeni ya mkanda wakaweka jicho dogo la mwanga. Chupa ikikatiza mwanga ule, kamera inasubiri sehemu chache za elfu za sekunde mpaka chupa ifike katikati, taa inamweka kama radi, picha inapigwa. Kompyuta inaitazama picha na kutoa hukumu. Chupa ikihukumiwa kuwa mbovu, mbele kidogo kuna kidole cha chuma kinachoisukuma ianguke kwenye pipa. Yote hayo unapepesa jicho tu yamekwisha.

Wifi yangu akapewa ufagio. Kazi yake mpya ikawa kufagia vioo na kulimwaga pipa lile kwenye mashine ya kusaga. Hakulia, wala hakwenda kwa meneja. Ila kamera ile aliipa jina: mke mwenza. "Ameolewa juu yangu," alisema, "na mahari yake ni kubwa kuliko yangu." Tangu siku hiyo kila asubuhi, umeme ukishawashwa na mkanda haujaanza kwenda, alipita pale na kupunga kiganja mbele ya jicho la mwanga. Taa ilimweka mara moja. "Umeamkaje, mke mwenzangu?" alisema, kisha akaenda zake kuchukua ufagio. Sisi tulicheka. Ikawa desturi ya zamu yetu, na siku aliyochelewa tulihisi kama kazi haijafunguliwa.

Sasa niseme habari ya siku yenyewe. Jioni ya kuamkia siku hiyo tulikuwa tumegombana nyumbani. Alikuja mgeni, nikampa maji kwenye glasi ambayo ilikuwa na kovu dogo mdomoni, dogo kama chembe ya sukari. Wifi aliinuka, akamnyang'anya mgeni glasi mkononi, akamwaga maji na kumletea nyingine. Mbele ya mgeni. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, nikamalizia kwamba siku hizi kuna mashine zinazoona kuliko yeye na haziaibishi watu. Asubuhi tulikwenda kazini tumeongozana, yeye mbele, mimi nyuma, hatusemezani.

Tulifika mapema. Wenzetu walikuwa bado wanavaa aproni. Umeme ulikuwa umewashwa, mkanda umelala. Wifi akapita mbele ya jicho la mwanga mikono mfukoni, hakusalimia, akaenda moja kwa moja dirishani ulipoegemezwa ufagio. Nami kwa ile hasira iliyobaki toka jana nikaona nimchokoze. Nikanyoosha kiganja changu mbele ya jicho. Taa ikamweka. Nikaigiza sauti yake: "Umeamkaje, mke mwenzangu?" Nikacheka peke yangu. Yeye hakugeuka, aliendelea kutazama kioo cha dirisha.

Siku ile mwendo ulikuwa umeongezwa. Msimamizi wa zamu yetu tunamwita Dakika, kwa sababu kila kitu kwake ni dakika: dakika mbili za chai, dakika tano za msiba wa jirani. Alitangaza kwamba mkanda uliokuwa ukipitisha chupa sitini kwa dakika sasa utapitisha themanini, na kwamba lori la kiwanda cha dawa litaondoka saa tano kasoro robo, lenye mzigo au lisilo na mzigo. Saa moja na nusu akabonyeza kitufe, mkanda ukaanza.

Nilikuwa nikipanga chupa mpaka vidole vinauma. Kreti ikijaa, wabebaji wanaichukua na kuipandisha kwenye lori. Saa mbili na dakika chache wifi akaenda kulimwaga pipa. Nilimwona anainama, kisha hainuki. Alikuwa akitoa chupa mojamoja na kuinua kila moja kwenye mwanga wa dirisha. Nikasema moyoni, leo ameamua kutuonyesha. Mara akavuta mkono ghafla na kutia kidole gumba mdomoni. Chupa moja ilikuwa imemkata. Aliitazama, akaifunga kitambaa, akaitia mfuko wa aproni yake. Halafu akabeba chupa nne mikononi, akamwendea Dakika.

"Zitazame hizi," akamwambia.

Dakika alizitazama akiwa anaangalia saa. "Zina nini?"

"Hazina kitu. Hapo ndipo pana tabu. Nimetoa ishirini na nane kwenye pipa. Ishirini na saba ni nzima kabisa, moja tu ndiyo mbovu, imenikata."

"Vaa glavu."

"Msimamizi, kama nzima ziko kwenye pipa, mbovu ziko wapi?"

Nilisikia swali lile nikiwa na chupa mbili mkononi. Mbovu, kama zipo, zilikuwa zimepita mikononi mwangu. Zilikuwa kwenye kreti, ndani ya lori. Mimi sikaguzi, mimi napanga. Na kutoka kwenye lori zinakwenda kujazwa dawa ya kikohozi, na kipande cha mdomo uliomeguka hakijulikani kitaangukia kijiko cha mtoto gani.

Dakika akacheka kidogo. "Darubini, wivu huo. Miaka mitatu bado hujamsamehe mwenzio?"

Hapo ndipo ningemtetea. Sikumtetea, kwa sababu jana yake nilimwambia maneno yaleyale.

Wifi akamwacha Dakika amesimama, akamfuata fundi wa kamera. Fundi ni mwanamke wa miaka kama thelathini, mpole, haongei ila akiulizwa, na ndiye aliyekesha siku mbili akiiandaa kamera kwa ule mwendo mpya. Aliacha alichokuwa anafanya, akaichukua chupa moja na kuizungusha.

"Hii ni nzima, mama," alisema.

"Nakuambia."

Fundi akaenda kwenye kompyuta. Mkanda ulikuwa bado unakwenda, nasi tulikuwa bado tunapanga. Alianza na wakati wa kupiga picha. "Mwendo ukiongezeka, ukisahau kupunguza ule muda wa kusubiri, chupa inakuwa imeshapita ndipo picha inapigwa," alieleza, huku akizipitisha picha mbele ya macho. Kila chupa ilikuwa katikati kabisa, imetulia kama imepigwa studio. Muda ulikuwa sawa.

"Basi," akasema Dakika, aliyekuwa amekuja nyuma yao. "Izime uiwashe tena, tuendelee. Dakika moja."

"Nikiizima kumbukumbu yake inafutika," fundi akasema. "Picha zinakaa ndani ya kamera umeme ukiwepo tu. Na hizi za chupa zilizokataliwa, inaweka hamsini tu. Ya hamsini na moja ikiingia, ya kwanza inatoka. Sasa hivi ziko arobaini na nne. Kama kuna kosa, nataka nione limeanzia wapi. Nisipojua limeanzia wapi, sijui ni kreti zipi."

Taa ya hukumu, inayowaka chupa ikikataliwa, ikawaka. Arobaini na tano.

"Simamisha mkanda," wifi akasema.

"Nani asimamishe? Lori linasubiri," akajibu Dakika. "Fundi, muda uko sawa au hauko sawa?"

"Muda uko sawa, lakini..."

Arobaini na sita. Fundi alikuwa na mkono juu ya meza na hakuupeleka popote. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na Dakika ndiye angemwandikia barua, ya kubaki au ya kuondoka. Mimi nilikuwa na chupa, nikaziweka chini. Arobaini na saba.

Kitufe chekundu cha kusimamisha mkanda kinaruhusiwa kubonyezwa na watu wawili tu, msimamizi na fundi. Wifi yangu, mfagiaji, alimpita Dakika kifuani akakibonyeza kitufe hicho kwa kiganja kizima, damu ya kidole gumba ikabaki pale kwenye chekundu. Mkanda ukasimama. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na dakika ishirini.

"Umefukuzisha watu kazi wewe," Dakika akasema polepole.

"Kwanza tazameni," akajibu.

Fundi sasa alikuwa amepata nguvu. Alitoa kwenye kompyuta picha ya mwisho iliyokataliwa. Chupa ile ilikuwa imemeguka mdomo, pengo linaonekana kama la mtoto aliyeng'oka jino. Kisha akaenda kwenye pipa, akachukua chupa ya mwisho iliyoangukia pale, akaileta. Mdomo wake ulikuwa mzima, mviringo safi. Tukatazama picha, tukatazama chupa. Hata Dakika aliacha kutazama saa.

"Siyo hii," fundi akasema. "Picha ni ya chupa nyingine."

Akafanya jambo la pili. Aliuendesha mkanda taratibu bila kutia chupa mpya, mpaka chupa zote zilizokuwa juu yake zikapita na mkanda ukabaki mtupu. Kisha akafungua kumbukumbu ya kamera. Kulikuwa na picha moja imekaa kwenye foleni inasubiri hukumu. Chupa hakuna, picha ipo.

Alieleza akiwa ameshika kichwa. Zamani kamera ikipiga picha na kompyuta ikiwa haijawa tayari, picha ile ilitupwa. Kwa ule mwendo mpya aliogopa picha zitapotea, kwa hiyo jana aliiambia kamera izipange picha kwenye foleni, zisubiri zamu, isipotee hata moja. Lakini leo kuna picha moja ya ziada iliyotangulia foleni. Chupa ya kwanza ilipofika ikahukumiwa kwa picha hiyo. Ya pili ikahukumiwa kwa picha ya ile ya kwanza. Na hivyo hivyo mpaka sasa. Kila chupa mbovu imepita salama, na jirani yake anayeifuata, asiye na kosa, ndiye aliyesukumwa kwenye pipa.

"Mwizi anakula, jirani anafungwa," akasema mmoja wa wabebaji.

"Picha ya ziada imetoka wapi?" Dakika akauliza.

Fundi akarudi nyuma katika zile arobaini na saba, moja baada ya nyingine, mdomo uliomeguka, ufa, ufa, mdomo, hadi ya kwanza kabisa. Saa moja na dakika ishirini na mbili. Kiganja.

Kilikuwa cheupe kwa mwanga wa taa, vidole vitano vimetanuka, karibu vijaze kioo chote. Ukumbi mzima ulijua ile ni salamu, na ukumbi mzima ukamgeukia mwenye salamu. Mimi peke yangu sikumtazama. Nilikuwa natazama chini ya kidole gumba cha kile kiganja, ambapo palikuwa na mstari uliong'aa, mwembamba, wa kovu la pasi. Kovu lile nililipata mwaka nilioolewa. Aliyelipaka dawa kila jioni kwa wiki mbili, akiligeuza kwenye taa na kuniambia limekauka wapi na wapi bado, alikuwa wifi yangu.

Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye kioo. Mtu aliyeona uzi mgongoni mwangu asione kovu lile?

"Mkono wangu," akasema. "Mimi huisalimia kila asubuhi, mnajua."

Niliufumba mkono wangu wa kulia ndani ya mfuko wa aproni. Hivyo ndivyo nilivyofanya, na sina maneno mazuri ya kulifunika. Nilikuwa naiona nyumba yetu, mume wangu ambaye tangu aumie mgongo anafanya kazi siku mbili kwa wiki, na watoto wawili shuleni. Niliogopa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi nilikuwa ndani ya nguo hiyo, nimenyamaza.

Dakika alivuta pumzi kama mtu aliyepewa alichokuwa anakitafuta. "Utakwenda ofisini. Lakini kwanza, fundi, mzigo tunaufanyaje? Kamera inaweza kuzipitia upya?"

"Inaweza, lakini kwanza niitengeneze na kuijaribu, na chupa elfu nne nikizirudisha mwanzo wa mkanda, kwa kuzipanga upya, hatumalizi kabla ya saa saba."

"Lori linaondoka saa tano kasoro robo."

Watu wakawa wanatazamana. Kisha mmoja baada ya mwingine wakatazama ile kona ambako sanduku la taa lilikuwa limesukumwa miaka mitatu iliyopita, juu yake pamewekwa ndoo na matambara. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.

"Mnajua idadi," wifi akasema. "Picha arobaini na saba, toa mkono. Mbovu ni arobaini na sita. Shusheni kreti." Kisha, bila kunitazama, "Wewe wifi, njoo unipangie."

Saa tatu kasoro robo tulianza. Fundi aliichomeka taa, ikawaka. Kreti mia moja, kila moja chupa arobaini. Mimi nilizitoa na kumwekea kulia kwake, yeye alizishika mbili mkono huu na mbili mkono huu, akazizungusha mbele ya mwanga, mdomo, shingo, tumbo, akaziweka kushoto, mwingine akazirudisha kwenye kreti. Katika kreti ya pili alitoa moja. "Moja," fundi akahesabu na kuandika. Katika ya tatu hakuna. Ya nne, mbili. Kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa na hakikumpunguza mwendo.

Nilipoinama kuchukua kreti ya kumi nilimnong'oneza, "Wifi, kwa nini umesema vile?"

"Panga chupa."

"Wifi."

"Ungesema wewe wangekutoa getini palepale," akasema, macho kwenye taa. "Mimi hawawezi kunitoa. Wananihitaji."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ya arobaini na sita. Panga."

Basi nikapanga, na tangu hapo kila chupa mbovu aliyoitoa ilinichoma. Kumi. Kumi na saba. Nilikuwa naomba zipatikane zote, kwa sababu ya watoto wa watu, na nilikuwa naomba zisipatikane, kwa sababu ikipatikana ya mwisho tu wifi yangu anavuliwa aproni. Dua mbili kinywa kimoja. Ishirini na sita. Dakika alizunguka nyuma yetu na saa yake. Thelathini na moja. Machozi yalikuwa yanamtiririka wifi kwa ule mwanga, akayafuta kwa bega, hakusimama. Kuna wakati aliziweka chupa nne kushoto, akasita, akarudisha mkono na kuichukua moja ya zile. Aliigeuza mara moja. Ufa wake ulikuwa chini kabisa, kwenye kitako, mwembamba kuliko unywele. "Thelathini na nane," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima.

Saa nne na nusu ikaisha kreti ya mia. Fundi alihesabu kwenye karatasi, akahesabu tena kwa kidole chupa zenyewe zilizokuwa chini.

"Arobaini na tano."

"Hesabu tena," Dakika akasema.

"Nimehesabu. Inapungua moja."

Dereva wa lori alipiga honi nje, ndefu. Dakika alitembea mpaka mlangoni akarudi. "Moja katika elfu nne," akasema. "Moja. Huenda imevunjika njiani. Pandisheni mzigo."

Nilimtazama wifi nikingoja alipuke. Aliyesimamisha mkanda kwa kiganja chenye damu, aliyemnyang'anya mgeni glasi mkononi, sasa alikuwa amekaa tu, mikono juu ya mapaja, kimya. Nilidhani macho yamemchosha. Wabebaji walisita, wakaanza kuinama.

"Na wewe, Darubini," Dakika akaendelea, "vua aproni. Twende tukamalize habari ya mkono wako kwa maandishi."

Akaanza kufungua fundo la aproni mgongoni. Vidole vyake vilikuwa vimechoka na fundo lilikataa. Kwa kawaida mimi ndiye ninayemfungulia. Nilisogea nyuma yake kumfungulia, na nilipoushika ule uzi nikauona mkono wangu, wa kulia, kovu juu, kwenye mwanga wa lile sanduku.

"Ule mkono ni wangu," nikasema.

Dakika hakusikia, au alijifanya hajasikia. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi. Nikaenda mbele ya kioo cha kompyuta, nikamwomba fundi aifungue ile picha, naye alikuwa ameihifadhi. Nikakiweka kiganja changu kando ya kile kiganja. Kovu kwa kovu. "Leo yeye hakusalimia. Mimi nilimwigiza ili nimchokoze. Yeye hana kosa, ila la kuniacha nijifiche."

Dakika akasogea kwenye kioo. Alitazama picha, alitazama mkono, alimtazama wifi. "Kweli?" akamuuliza.

Wifi alitia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa kitambaa chenye doa la damu, akakifungua juu ya sanduku la taa. Ndani yake kulikuwa na chupa, mdomo wake umemeguka vibaya.

"Arobaini na sita," akasema. "Hii ilikuwa kwenye pipa. Ndiyo ile niliyokuambia imenikata, ukaniambia nivae glavu."

Fundi alikuwa wa kwanza kuelewa. Akapiga paji la uso. Mbovu mbili zilikuwa zimefuatana: hukumu ya ile ya mbele ikamwangukia jirani, na jirani naye alikuwa mbovu. Kwa hiyo kwenye lori zilikuwa arobaini na tano tu tangu mwanzo, na zote zilikuwa pale chini. Mzigo ulikuwa safi. Honi ikapigwa tena, kreti zikapandishwa, na saa tano kasoro dakika kumi na saba lori likatoka getini. Nililisikia, sikuliona, kwa sababu nilikuwa ofisini nikiandika kwa mkono wangu mwenyewe ulichokifanya mkono wangu mwenyewe.

Nilirudishwa nyumbani wiki tatu bila mshahara, nikaonywa kwa barua. Ningeweza kupata makubwa zaidi ya hayo. Jicho la mwanga sasa limefunikwa kifuniko ambacho fundi anakiondoa baada ya kompyuta kuwa tayari, na sanduku la taa limerudishwa karibu na mkanda. Katika kila kreti kumi, moja inapita mikononi mwa Darubini. Ufagio amepewa mwingine.

Lakini kulikuwa na swali, na sikuweza kulilaza. Jioni ya siku ile ya kiganja nilimkuta jikoni amesimama dirishani, anazungusha glasi niliyokwisha kuiosha.

"Wifi, ile chupa ulikuwa nayo mfukoni tangu saa mbili."

"Nilikuwa nayo."

"Tulipofika arobaini na tano ulijua kwamba zimetimia. Mbona hukuitoa? Umekaa kimya, mtu anataka kukupeleka ofisini."

Aliiweka glasi, akachukua nyingine, akaiinua kwenye mwanga uliobaki.

"Ningeitoa, kazi ingekwisha," akasema. "Na wewe ulikuwa bado hujasema."